Udongo mzuri ulivyonipotezea msimu: kwa mnaoanza utafiti wa homoni, jenomu na vijiumbe vya mimea

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilipoteza msimu mzima wa mvua kwa sababu ya magunia matatu ya udongo mzuri. Naanza na hilo kwa sababu karibu kila ninachotaka kuwaambia ninyi mnaoingia maabara sasa kimo ndani ya magunia yale.

Tulikuwa tunalinganisha aina mbili za mtama. Moja ilijulikana kushambuliwa vibaya na kiduha, nyingine ilisemekana kuwa na kinga. Kiduha, ambacho wanasayansi hukiita Striga na ambacho ukivuka mpaka kuingia Kenya magharibi utasikia kikiitwa kayongo, ni gugu lenye maua mazuri ya waridi na zambarau. Haliwezi kuishi bila kushika mizizi ya mmea mwingine: mtama, mahindi, ulezi, hata mpunga wa nchi kavu. Huku mashariki ya Uganda, Busia, Tororo na kwingineko, wakulima wanalijua gugu hili kuliko mtafiti yeyote. Mimi nilipanda mtama katika ndoo 40 zilizotobolewa chini, nikachanganya mbegu za kiduha kwenye udongo, nikamwagilia, nikasubiri. Wiki ya kumi ndoo zote zilikuwa na mtama mnene wa kijani kibichi, na kiduha kilichotokeza hakikufika hata mashina matano kwa jumla. Aina mbili zile hazikutofautiana kwa lolote. Nikadhani mbegu za kiduha zimekufa. Nikazijaribu upya kwenye visahani vya maabara, zikaota vizuri kabisa.

Kosa lilikuwa kwenye udongo. Tuliuchota kwenye bustani iliyo nyuma ya jengo kwa kuwa ilikuwa karibu, na bustani hiyo ilikuwa imetiwa mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, misimu mingi. Ilikuwa na fosforasi tele. Na mtama ulioshiba fosforasi hauna haja ya kumwita mtu.

Neno hilo, kuita, linahitaji maelezo. Mwaka 1966 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba wamepata, katika majimaji yanayotoka kwenye mizizi ya pamba, kemikali inayoziamsha mbegu za Striga. Waliiita strigol. Lakini pamba yenyewe haishambuliwi na kiduha, na zaidi ya hapo, kwa nini mmea wowote uvujishe ardhini kitu kinachomwamsha adui yake? Swali hilo lilikaa bila jibu la kuridhisha kwa karibu miaka 40. Mwaka 2005 kundi la Wajapani likiongozwa na Kohki Akiyama likaonyesha kwamba kemikali za jamii hiyo, strigolaktoni, huwafanya kuvu wa mikoriza watoe matawi mengi ya nyuzi zao karibu na mzizi. Kuvu hawa huingia ndani ya mizizi, humletea mmea fosforasi kutoka mbali, nao hulipwa sukari na mafuta. Zaidi ya theluthi mbili ya mimea ya nchi kavu ina urafiki huo, na visukuku vinaonyesha kwamba ulikuwapo zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kumbe mmea ulikuwa ukimwita rafiki, na kiduha kikajifunza kusikiliza wito uleule ili kijue kwamba mzizi uko jirani. Kisha mwaka 2008 makundi mawili, kila moja kwa njia yake, yakaonyesha jambo la tatu: ndani ya mmea wenyewe, strigolaktoni ni homoni, yaani kemikali ya kuongoza ukuaji, inayozuia shina lisitoe matawi ovyo.

Yaani kemikali moja, wasikilizaji watatu. Mmea wenye njaa ya fosforasi huongeza wito. Ulioshiba huupunguza sana. Ndoo zangu 40 zilikuwa na mimea iliyonyamaza. Tofauti ya aina mbili zile ilikuwapo tangu mwanzo, ila niliiondolea mazingira ya kujionyesha.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeambiwa. Miezi sita kabla ya jaribio lile nilikaa na mama mmoja shambani kwake karibu na Nagongera. Tulizungumza Kiswahili, maana Kidhopadhola changu hakifiki popote, na kule mpakani Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Akanionyesha sehemu ya shamba yenye umbo la duara. "Hapa palikuwa na zizi la ng'ombe wakati mzee wangu yuko hai," akaniambia. "Gugu hili linakuja mpaka hapa, halafu linaacha. Hapa halipapendi." Niliandika maneno hayo pembezoni mwa daftari, kwa penseli, chini ya namba za simu. Sikuyaweka kwenye jedwali la data kwa kuwa hayakuwa na kipimo. Baada ya jaribio kushindikana ndipo nilipofungua daftari na kuyaona, nikakaa nayo kimya muda mrefu. Udongo wa zizi la zamani una rutuba ya samadi ya miaka mingi. Yeye alikuwa amekwisha kuliona jibu kwa macho, bila sahani wala darubini.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu: kabla hamjapanga jaribio lolote la homoni au vijiumbe, pimeni udongo. Fosforasi, nitrojeni, pH, na historia ya shamba kwa miaka mitano au zaidi kutoka kinywani mwa anayelilima. Mkiripoti matokeo bila hali ya udongo, msomaji hana namna ya kujua kama mmea wenu ulikuwa unaita au umenyamaza. Nimesoma ripoti nyingi nzuri za vijiumbe vya mizizi zenye kurasa za takwimu za DNA na sentensi moja tu kuhusu udongo. Huwa nasikitika, kwa sababu kazi ile ngumu yote inabaki ikining'inia hewani.

Ombi la pili linatokana na hilohilo. Ukishika homoni yoyote, uliza ni nani mwingine anayeisikia au anayeitengeneza. Vitabu vya shule vinatufundisha homoni za mimea kama orodha: auksini hurefusha, sitokinini hugawanya seli, ethilini huivisha ndizi. Orodha hiyo ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Jiberelini haikugunduliwa kwenye mmea hata kidogo. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba miche ya mpunga inayorefuka kupita kiasi na kulala hufanya hivyo kwa sababu ya kitu kinachotolewa na kuvu. Baadaye ndipo ilipojulikana kwamba mimea nayo hujitengenezea kitu hicho. Agrobacterium, bakteria anayesababisha uvimbe kwenye mashina, huingiza kipande cha DNA yake ndani ya seli za mmea, na kipande hicho kina jeni za kutengeneza auksini na sitokinini, ndiyo maana uvimbe unakua. Bakteria wengi wa kawaida wa mizizini hutengeneza auksini pia. Ukipima auksini kwenye mzizi uliochimbwa shambani, umepima ya mmea na ya wageni wake kwa pamoja.

Hapa nitaje jambo ambalo lilinichukua muda mrefu kuliona, nalo ni la jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe. Mmea wa kwanza kusomwa jenomu yake, mwishoni mwa mwaka 2000, ni Arabidopsis, kijimea kidogo cha jamii ya kabichi na sukuma wiki. Sehemu kubwa ya yale tunayofundishwa kuhusu homoni yalitokana nacho, na tunakishukuru. Lakini jamii hiyo ya mimea haina urafiki na kuvu wa mikoriza, wala haitengenezi vinundu vya rizobia, bakteria wanaonasa nitrojeni, kama maharage na njugu. Ukijifunza mimea kwa kijimea hicho peke yake, unajifunza kwa mmea usiozungumza na majirani wawili wakubwa kuliko wote. Mtama, mahindi, ndizi, muhogo, maharage: vyakula vyetu karibu vyote vina angalau mmoja wa majirani hao. Nawasihi msiombe radhi kwa kufanya kazi na mtama au matoke, ndizi zetu za kupika, badala ya kijimea cha vitabuni. Kuna maswali ambayo mtama tu ndio unaoweza kuyajibu.

Na mtama umejibu moja kubwa. Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuzalisha mitama inayostahimili Striga. Kuna mitama ambayo mizizi yake haiamshi mbegu za gugu ila chache sana. Mwaka 2017 ikachapishwa sababu ya baadhi yao: jeni moja, iliyopewa jina LGS1, haifanyi kazi ndani yao, na katika mingi kati yao imekatika na kutoweka kabisa kwenye kromosomu. Bila jeni hiyo, mtama hubadili aina ya strigolaktoni inayotoka mizizini. Badala ya 5-deoksistrigol, inayoamsha kiduha kwa nguvu, unatoa zaidi orobankol, ambayo kiduha huisikia kwa shida. Wito haukuzimwa, ulibadilishwa lafudhi.

Sasa fikirini mwanafunzi anayetafuta jeni hiyo kwa kompyuta. Analinganisha DNA ya mtama wake na jenomu ya kurejelea, anatafuta herufi zilizobadilika, anapata maelfu. Lakini mahali pa LGS1 hakuna herufi iliyobadilika, pana shimo. Programu nyingi za kutafuta mabadiliko madogo zitaliruka shimo hilo bila kusema neno. Mfungue picha ya vipande vya DNA vilivyopangwa, mtazame kwa macho pale ambapo hakuna kitu. Mimi huwalazimisha wanafunzi kutazama angalau jeni 20 hivyo, kwa mkono, kabla sijawaruhusu kutumia jedwali lolote lililotoka kwenye programu. Wanalalamika wiki ya kwanza.

Kinyume chake pia hutokea, na kwetu Uganda kinatuhusu sana kwa sababu ya ndizi. Jenomu ya ndizi iliyochapishwa mwaka 2012 ilitoka kwenye mmea wa jamii ya Pahang, ndizi mwitu ya Malaysia, uliotengenezwa kuwa na seti mbili zinazofanana kabisa za kromosomu 11. Matoke yetu yana seti tatu, kromosomu 33, na ukoo wake umechanganya ndizi mwitu za namna zaidi ya moja. Ukiyalinganisha matoke na Pahang, utaona tu yale ambayo Pahang inayo. Jeni iliyomo kwenye Mbwazirume, mojawapo ya aina za matoke, na isiyokuwamo kwenye Pahang haitaonekana, vipande vyake vitatupwa kwenye faili la vilivyokosa mahali. Msilifute faili hilo. Na mkikuta mahali ambapo theluthi moja ya vipande inasema herufi hii na theluthi mbili inasema ile, msidhani ni kosa la mashine. Ndivyo seti tatu zinavyoonekana. Programu iliyoandaliwa kwa viumbe wa seti mbili italazimisha jibu la nusu kwa nusu.

Kuhusu matoke kuna la ziada. Wakulima wanatofautisha Nakitembe, Kibuzi, Mpologoma na nyingine nyingi, na wana haki, kwa kuwa mkungu, rangi na ladha vinatofautiana. Lakini DNA zake zinakaribiana mno, kwa sababu zimepandwa kwa machipukizi vizazi na vizazi kutoka ukoo mwembamba. Kwa hiyo jina likiandikwa vibaya kwenye kibandiko, huwezi kulisahihisha kwa urahisi baadaye kwa kutumia DNA. Kazi ya kuandika jina ifanyike shambani, pamoja na mwenye shamba, pamoja na picha ya mkungu, ua na shina. Jina la Masaka huenda si jina la Mbarara. Andikeni yote mawili.

Nije kwenye vijiumbe, ambako ndiko nawaona wengi wakiumia. Njia ya kawaida ya kuwatambua bakteria ni kunakili kipande cha jeni iitwayo 16S kwa PCR na kusoma herufi zake. Mara yangu ya kwanza nilipeleka DNA ya mizizi na majani ya mtama, nikalipa fedha za mradi, nikasubiri miezi. Matokeo ya majani yaliporudi, sehemu kubwa ya kilichosomwa ilikuwa ni mtama wenyewe. Kloroplasti, sehemu za kijani za seli, ni uzao wa bakteria walioingia ndani ya seli zamani sana na wakabaki, na mitokondria ni hivyohivyo, na zote mbili bado zina jeni ya 16S. Praima za kawaida, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, hazijui kutofautisha. Zipo praima zilizobuniwa kukwepa kloroplasti, na vipo vizuizi maalumu vinavyofunga DNA ya mmea isinakiliwe. Amueni hilo kabla ya kulipa. Jaribuni sampuli tano kwanza, si mia.

Wekeni pia sampuli tupu: maji safi yanayopitia hatua zote, kuanzia kutoa DNA hadi mwisho. Vifaa vya kutolea DNA vyenyewe vina mabaki ya bakteria, na sampuli yenye DNA kidogo, kama ile ya ndani ya mbegu, inaweza kujazwa na mabaki hayo. Bila sampuli tupu mtamtangaza bakteria wa kiwandani kuwa mkazi wa mtama wa Tororo. Na mkichota udongo ulioshika mizizi, chukueni pia udongo wa hapohapo usio na mzizi. Bila huo hamna cha kulinganisha.

Kuna bakteria ambao hamtahitaji mashine kuwaona. Ng'oa mharage ulio kwenye maua, uoshe mizizi taratibu, pasua kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, rizobia wanafanya kazi ya kunasa nitrojeni. Rangi hiyo ni ya protini ya jamii moja na ile iliyomo kwenye damu yetu. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi, au wamekoma. Nimeona wakulima waliosikia habari za bakteria kwa mashaka wakibadilika uso wanapokiona kinundu chekundu kiganjani. Fanyeni hivyo mbele yao kila mkienda.

Mambo ya kila siku nitayapita haraka. Umeme ukikatika usiku, friza ya sampuli itayeyuka, kwa hiyo jueni nani anawasha jenereta na kama ina mafuta. Majani ya kutolea DNA hukauka vizuri kwenye silika jeli, chembe za kunyonya unyevu, bila barafu. Ya kutolea RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, hayasubiri. Majani ya ndizi huwa kahawia mkiyasaga, ongezeni kemikali ya PVP kwenye CTAB, dawa ya kutolea DNA. Majimaji ya mizizi mnayokusanya kwa ajili ya strigolaktoni yakae gizani na baridini na yapimwe mapema, kwa maana kemikali hizo ni kidogo mno na huvunjika majini. Mbegu za kiduha kwenye visahani zinahitaji kulowana kwenye joto la nyuzi 30 hivi kwa siku 10 hadi 14 kabla hazijaweza kuitikia chochote. Asiyejua hili huzihesabu maiti. Kibali cha utafiti kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda kiombwe miezi kabla ya mvua, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, aonwe siku ya kwanza mnapofika kijijini, kabla ya kuingia shamba lolote.

Moja lisipitwe haraka: mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, shina moja hutoa makumi ya maelfu, na hudumu ardhini zaidi ya miaka 10. Viatu, majembe na mifuko yenu vinaweza kulipeleka gugu hili kwenye shamba la mtu ambaye hajawahi kuliona. Osheni viatu hapohapo, kabla ya kupanda gari. Udongo wa majaribio upikwe kwenye otoklevu, chombo cha mvuke mkali, kabla ya kutupwa. Hatuna ruhusa ya kumwachia mkulima tatizo jipya kwa jina la utafiti.

Jaribio nililirudia msimu uliofuata, kwa udongo mchovu uliotoka shamba la yule mama, mbali na duara la zizi. Safari hii aina mbili zilitofautiana wazi: moja ilizungukwa na maua ya zambarau, nyingine ilikuwa na machache. Nikampelekea picha, na mche mmoja wa kila aina ndani ya ndoo yake. Akaing'oa ile iliyoshambuliwa, akatikisa udongo, akaangalia pale gugu liliposhika mzizi. "Ndiyo maana mtama unanyauka kabla sijaona gugu," akasema. "Linaanza kula huku chini." Halafu akauliza kama mtama ule mwingine, ukiwa umebadilisha wito, utaendelea kupata wale kuvu wa kuuletea chakula. Nikamwambia kwamba kuvu wanaisikia orobankol pia, lakini kwa udongo wake hasa bado hatujapima.

"Na mahindi je?" akauliza. Mahindi hutoa mchanganyiko wa strigolaktoni kadhaa, na kazi iliyochapishwa mwaka 2023 ilionyesha kwamba mchanganyiko ukiwa na zealaktoni kidogo na zealaktol zaidi, mbegu za kiduha zinazoota hupungua. Nilimweleza hivyo kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Akanionyesha kipande cha ardhi kando ya njia, hatua 12 kwa 20, akasema tukitumie mvua za Machi zikianza, mradi mbolea tusiiguse. Udongo wake tumekwisha kuupima.